Lubugo Nzima ya Damali

Wazazi wake walimpa jina la Erisa Mukalazi, na kwa jina hilo alibatizwa na kufunga ndoa. Hata hivyo, hapa Kyambazi ukiuliza nyumba ya Erisa Mukalazi, watu watatazamana kwanza kabla ya kukujibu. Ukiuliza nyumba ya Ssebiraka, hata mtoto anayejifunza kutembea atakunyoshea kidole. Ssebiraka maana yake ni Baba Viraka. Alilipata jina hilo mbele ya watu wengi, katika ua wa wakwe zake, kabla chakula cha siku hiyo hakijapakuliwa.

Mimi sikuwepo, nilihamishiwa shule ya hapa miaka kadhaa baadaye. Lakini kisa hicho nimekisikia kwa watu wengi kiasi kwamba ningeweza kukichora ubaoni. Erisa alikuwa amekwenda kujitambulisha ukweni, yeye na wazee wake, kwa ajili ya Damali. Mikeka ilikuwa imejaa zawadi: chumvi, sukari, nyama, kanzu ya shemeji, gauni la gomesi la shangazi. Juu ya vyote iliwekwa lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mtuba ambayo sisi huvaa katika mambo mazito na kuwafunikia wafu wetu. Kijana alikuwa ameiponda kwa mikono yake mwenyewe, maana alikuwa mtoto wa fundi na alitaka ijulikane.

Mwenye neno siku kama hiyo ni shangazi wa binti. Shangazi Yunia aliipokea ile lubugo kwa magoti, akaikunjua, akaishika pembe mbili, akaiinua kuelekea jua. Viraka vikaonekana vyote, kimoja kikubwa kama kiganja, kingine kidogo kama jani la maharage, vingine vimepanda juu ya vingine. Tena palikuwa na tundu moja ambalo mshonaji alikuwa amelisahau. Yunia alipitisha kidole chake humo, akakichezesha mbele ya wageni.

"Mkwe," akasema, "hii umeiponda au mlipigana?"

"Nimeiponda, Shangazi."

"Basi ilikushinda nguvu." Akawageukia wazee. "Mabwana, sisi tunatoa binti mzima, hana tundu hata moja isipokuwa ya masikio. Huyu Ssebiraka anatuletea nini?"

Ua mzima uliangua kicheko. Erisa aliinamisha kichwa, na inasemekana alikuwa tayari kuinuka na kuondoka. Ndipo Damali, aliyekuwa amepiga magoti katikati ya wasichana wenzake, na ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema neno ila kumjibu shangazi yake, akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni: "Shangazi, ipokee tu. Nzima ataniletea baadaye."

Jina likashika tangu saa hiyo. Na ahadi ikashika pia, ingawa aliyeitamka hakuwa mwenye kuahidi.

Gome la mtuba hutoka wakati wa mvua. Fundi huparua kwanza ngozi ya juu, kisha hukata mkato wa kuzunguka shina chini, mwingine juu, na mmoja wa kuiunganisha mikato hiyo miwili. Baada ya hapo chuma hakitakiwi tena. Kinachofuata ni kabari iliyochongwa kwa shina la mgomba, laini na yenye maji, inayosukumwa taratibu kati ya gome na mti mpaka gome liachie lenyewe. Halafu, kabla ya jambo lingine lolote, mti uliovuliwa huvishwa majani mabichi ya mgomba na kufungwa kwa kamba, usije ukapigwa na jua. Mti ukitunzwa hivyo huota gome jipya, na gome hilo huwa jororo kuliko la kwanza.

Erisa aliyajua hayo yote tangu utoto. Lakini kabari ya mgomba aliiona ya wazee. Mahali gome lilipokuwa zito kuachia, alichomeka ncha ya panga na kulikongoa. Likishatoka, alilikunja begani na kukimbilia kibandani kulipondea kwenye gogo lingali na maji yake, huku nyuma yake mti umesimama mweupe juani. Baba yake, mzee Zakaliya, ndiye aliyekuwa akimfuata na mzigo wa majani.

"Erisa! Umemvua mama wa watu nguo ukamwacha njiani?"

"Nakuja, Baba. Gome litakauka!"

"Gome lina maji tele. Unayewaka ni wewe."

Kila panga lilipofika kwenye mti lilibakiza kovu, na mwaka uliofuata gome lilitoka na tundu mahali pale pale. Kwa hiyo matundu aliyokuwa akiyatia viraka na kuyalaani yalikuwa yameandaliwa na mkono wake mwenyewe mvua iliyotangulia. Hilo hakuliona kwa miaka mingi, kwa sababu akiumaliza mti mmoja mawazo yake yalikuwa tayari kwenye mwingine.

Mwaka waliooana alichomeka tawi la mtuba nyuma ya jiko, likashika. Ukaitwa mtuba wa Damali. Humo ndimo ile lubugo nzima ingetoka. Nilipohamia kwenye nyumba iliyo upande wa pili wa migomba yake, mti ule ulikuwa umekwisha kuvuliwa mara kadhaa, na maneno yao juu yake yalikuwa sehemu ya asubuhi zetu kama jogoo.

"Ssebiraka, ile nzima iko wapi?"

"Mwaka huu, Damali."

"Mwaka huu ulikuwa mwaka jana."

"Basi mwakani."

"Haya. Nitaivaa na mkongojo."

Ilikuwa kawaida yake kumuuliza pale alipokuwa amekasirika, pengine gome limepasuka juu ya gogo, pengine mteja amerudisha nguo na maneno makali. Ungesikia nyundo ya mti ikitupwa chini, kisha sauti ya Damali kutoka jikoni ikiuliza ile nzima iko wapi. Baada ya kitambo wote wawili walikuwa wakicheka, na nyundo ikaanza tena. Darasani kwangu watoto waliisikia nao wakacheka, nami niliwaruhusu.

Wakati huo ile lubugo ya posa haikupumzika. Damali alimlazia humo Efulansi, mtoto wao wa pekee. Alianikia karanga juu yake. Asubuhi za baridi alijitanda nayo mabegani akichochea moto, na moshi ukaingia katika kila uzi. Mumewe alipomwambia aitupe, alimjibu kwamba atakapopewa nyingine atafikiri.

Kifua kilimwanza Damali wakati Efulansi amekwisha kumaliza shule na kujifunza kushona. Kilimchukua polepole, kikampeleka hospitali na kumrudisha, mpaka akafariki wakati wa kiangazi, ambapo hata fundi hodari hawezi kutoa gome. Majirani na wakwe walileta mbugo zao, kila nyumba lubugo yake, kama ilivyo desturi, nyekundu na safi, zikapangwa juu ya mkeka ukumbini. Wanawake wakafunga mlango kumwosha na kumvika.

Ssebiraka alikuwa ameketi nje na wanaume. Nilimwona akiinuka, akaenda kibandani, akatoka na lubugo iliyotokana na mtuba wa Damali mvua iliyopita. Aliikunjua kidogo, akayatazama matundu yake, akaikunja tena na kuirudisha. Kisha akaja kukaa mahali pake, akaweka mikono yake mikubwa magotini kama mtu aliyekuja kumsalimia mgonjwa mikono mitupu.

Baada ya mazishi aliitafuta ile ya posa, apate hata yeye kujifunika. Haikuwamo sandukuni, wala jikoni, wala juu ya dari. Efulansi alisema huenda mmoja wa waombolezaji aliichukua kwa kuiona imechakaa, akafutie miguu.  Jirani huona mambo: kwa muda mrefu, kila baba yake alipofika kwenye ua wa mtu, macho yake yalikwenda kwanza kwenye kamba ya nguo.

Mvua zilipoanza alikwenda nyuma ya jiko bila panga. Nilikuwa nikinywa chai mlangoni kwangu, nikamwona amesimama mbele ya mtuba, akipitisha kidole gumba kwenye kovu moja baada ya jingine, kutoka juu hadi chini. Alikaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Halafu akaenda kwenye migomba, akakata shina, akachonga kabari kama ile ya baba yake, akaanza kazi. Gome ambalo zamani angelitoa kabla sijamaliza kikombe lilimchukua asubuhi nzima. Nalo lilipotoka, hakulitazama. Aliuvisha mti kwanza, jani juu ya jani, akafunga kamba na kuyajaribu mafundo yake, ndipo akaenda kibandani.

Wapita njia hawakumwacha.

"Ssebiraka, unamvua mti au unamtongoza?"

"Namsalimia."

"Mwenzio Lutaaya amekwisha kuvua mitatu!"

"Mwambieni nami naisalimia hiyo mitatu."

Tangu hapo akawa mtu mwingine kazini. Alijifunza kukaa na jambo. Aliweza kuligeuza gome juu ya gogo, akalisikiliza chini ya nyundo yenye mifereji mipana, akaiweka, akachukua ya mifereji midogo, bila kuongeza mwendo wala kuupunguza. Mituba ya watu wengine aliyoivua ikapona, na miaka michache baadaye ikampa mbugo zisizo na doa. Watu walikuja kutoka mbali kumtafuta. Watoto waliozaliwa wakati huo walidhani Ssebiraka ni jina la sifa, kama Baba Wali au Baba Ng'ombe, na hakuwasahihisha.

Mti mmoja tu ulikataa, na ndio aliokuwa akiuhitaji. Mtuba wa Damali ulikuwa umeumizwa ungali mchanga, na makovu yake yalikuwa yameingia ndani. Kila mvua aliutunza, kila mvua gome likatoka zuri kuliko la mwaka uliotangulia, na kila mvua palikuwa na tundu mahali fulani. Alilitandaza juani, akalitazama, akasema, "Si hii," akaliweka kando.

Naye alikuwa ameweka nadhiri. Siku ya kuvunja matanga, mrithi wa marehemu hutokea mbele ya ukoo amevikwa lubugo, na watu humwita kwa jina la yule aliyeondoka. Mrithi wa Damali alikwisha kuchaguliwa, binti wa kaka yake. Ssebiraka alisema kwamba msichana huyo hatavaa nguo nyingine yoyote ila lubugo nzima ya mtuba wa Damali. Wakwe walipouliza siku, aliwajibu, "Mwakani." Wakangoja mvua hizo, wakauliza tena, akawajibu vile vile. Neno alilozoea kumchekesha mkewe sasa lilikuwa la kuwatuliza wakwe, wala hakuna aliyecheka.

Mtu aliyekuwa na haraka ya kila kitu akawa hana haraka ya chochote, nasi tulimsifu. Mimi nilimsifu kuliko wengi, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto wasiharakishe. Ilinichukua muda kuona kwamba subira yake ilikuwa na mtu ndani yake. Matanga yasipovunjwa, aliyekufa hajaaga. Ssebiraka alikuwa ameketi mlangoni, na kwa upole mkubwa kabisa, alikuwa akimzuia asitoke.

Aliyelipa ni Efulansi. Nyumba yenye matanga haipokei posa, na kijana wake, Ssemanda, fundi wa baiskeli wa Kalungu, alikuwa ametaka kuja kujitambulisha tangu zamani. Efulansi alikuwa na cherehani yake kwenye ukumbi wa duka pale senta, akishona sare za wanafunzi wangu. Nywele za kwanza nyeupe zilikuwa zimeanza kumtoka juu ya sikio, na alizoea kuzificha chini ya kitambaa.

Mvua za mwaka ninaousimulia zilikuwa nzuri. Gome lilitoka kwenye mtuba wa Damali kama ngozi ya ndizi mbivu, na kwa muda Ssebiraka aliamini kwamba limetoka zima. Alipoligeuza aliliona tundu. Lilikuwa moja tu, dogo kama yai la kuku, usawa wa kiuno, mahali alipochomeka panga mara ya kwanza kabisa. Nilikuwa kibandani kwake siku hiyo, nimeketi juu ya gogo kuukuu asilolitumia tena. Efulansi alileta chakula, akapiga magoti akatusalimia, akafunua ndizi na mchuzi wa karanga. Aliliona tundu kabla ya kuambiwa.

"Mwakani," akasema baba yake.

Efulansi alitunawisha mikono bila haraka.

"Baba, Ssemanda alinunua kanzu ya kujia kwako."

"Vizuri."

"Aliinunua mwaka juzi. Sasa haimfungi tumboni."

"Mshonee nyingine. Wewe si fundi?"

"Nitamshonea ngapi?" Alijaribu kucheka. "Baba, watu wake wamesema hawangoji mvua nyingine. Kuna msichana huko kwao wamemwonyesha. Yeye amekataa. Lakini mtu hukataa mara ngapi?"

"Mama yako nilimwahidi."

"Najua ulimwahidi. Nimelala juu ya hiyo ahadi yako tangu nazaliwa." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama amekufa, Baba. Mimi niko hai. Kila siku nakuletea chakula, unakula umeutazama mti. Ukiniuliza leo nimevaa gauni la rangi gani, wewe mwenyewe utajua hujui."

Ssebiraka alimtazama, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Gauni lilikuwa la kijani.  Efulansi alikusanya sahani kabla hatujashiba, akaondoka bila kupiga magoti ya kuaga, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu akiwa darasa la kwanza.

Gome halingoji huzuni ya mtu, kwa hiyo aliliponda. Niliyasikia mapigo mpaka jioni na tena asubuhi, safari hii yakikatika na kuanza, yakikatika na kuanza. Lilipotanuka na kulainika alilianika kwenye nyasi, akalizungushia mawe pembeni, jua likaligeuza rangi siku baada ya siku mpaka likawa jekundu kama udongo wa njiani. Halafu akatuma mtu amwite Shangazi Yunia.

Alikuja amepakiwa nyuma ya baiskeli, mkongojo ameukumbatia. Alikuwa amezeeka sana, ila ulimi ulikuwa umebaki nyuma kwa umri.

"Mkwe wangu, umeniita. Nilidhani nawe unakufa, nikavaa gomesi ya msiba. Sasa nakukuta unapumua, umenipotezea nguo safi."

"Samahani, Shangazi."

"Haya, sema."

Alikaa chini kwenye mkeka mbele yake, mwanamume yule mkubwa, na kutazama mikono yake. "Pangeni siku ya kuvunja matanga. Mapema kadiri mtakavyo. Mrithi mvisheni lubugo ya Lutaaya, ni nzuri, haina doa, nimekwisha kuzungumza naye. Mimi nimeshindwa. Nilimwahidi binti yenu kitu kimoja tu, tena mbele yako, nikamnyima mpaka akaenda kaburini amevaa nguo za watu. Na sasa mtoto wake anazeeka mlangoni kwangu. Basi. Imetosha."

Shangazi Yunia aliuweka mkongojo wake kando.

"Hiyo ya mwaka huu iko wapi?"

"Ina tundu."

"Nimeuliza iko wapi, sikuuliza ina nini."

Aliileta. Bibi kizee aliishika pembe mbili, akaiinua kuelekea jua, vile vile kama alivyoiinua ile ya kwanza zamani hizo. Mwanga ulipita mahali pamoja tu. Akapitisha kidole.

"Tundu moja! Mkwe, umechakaa vibaya. Zamani ningepitisha mikono yote miwili na kichwa."

Ssebiraka hakucheka. Basi Yunia akaishusha lubugo magotini mwake, akaanza kuilainisha kwa kiganja.

"Ile ya posa ulikwisha kuiona?"

"Ilipotea msibani."

"Haikupotea. Anayo."

"Nani?"

"Mwenyewe. Unadhani tulipofunga ule mlango tulikuwa tunasuka nywele? Alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa aliniita, akaniambia, 'Shangazi, zile nzuri za watu wekeni juu, wageni wazione. Ile ya viraka iwe ndani kabisa, inishike mwili.' Nikamwambia, mwanangu, hiyo mbuzi hakubali kuilalia. Akasema, 'Nimeizoea. Hizo nyingine sizijui.' Tukamvika hiyo kwanza. Ilinuka moshi na karanga, mpaka nikaogopa watu watauliza."

Ssebiraka alikuwa amepauka midomo. "Miaka yote hii, Shangazi. Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza! Alisema, 'Usimwambie, atavimba kichwa, na ile nzima hataitengeneza kamwe.' Mimi nami nikakungojea uitengeneze." Akampiga kidogo begani kwa kidole kile kile. "Leo umesema umeshindwa. Nami nimechoka kutunza siri ya watu wawili wanaotaniana, mmoja yuko chini na mwingine yuko juu."

Ssebiraka alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikaharibika njiani, akafunika uso kwa mikono miwili. Mimi niligeuka nikautazama mtuba. Majani aliyouvisha yalikuwa yameanza kukauka ukingoni, na katikati yake, pale yalipoachana kidogo, gome jipya lilikuwa limeanza kufunga, changa, la rangi ya maziwa yaliyotiwa chai.

Aliponyanyua uso alimwita Efulansi, ambaye alikuwa jikoni akimpikia mgeni chai na bila shaka alikuwa amesikia kila neno.

"Niletee sindano na zile nyuzi za majani ya mwale."

"Nipe niitie kiraka kwa cherehani, Baba. Mara moja tu."

"Cherehani yako itaitafuna. Leta sindano." Kisha, Efulansi alipokuwa tayari ameshageuka, akaongeza, "Na hilo gauni limekupendeza. La bluu."

"Ni la njano, Baba." Na kweli lilikuwa la njano siku hiyo.

"Njano. Ndiyo, nimeliona."

Alikata kipande kutoka ukingoni mwa lubugo ile ile, akakigeuza na kukigeuza mpaka mistari yake ikalala sawa na mistari ya nguo. Akakiponda ukingo wake kwa nyundo ndogo, taratibu, upate kuwa mwembamba na kuzama. Hapo ndipo akaanza kushona. Efulansi aliweka chai mbele ya shangazi, akapiga magoti kando ya baba yake, akamshikia kitambaa kikazike vizuri.

"Ssemanda nimwambie nini?"

"Mwambie aje na kanzu hiyo hiyo. Wewe utailegeza tumboni."

"Na hiyo lubugo nzima, je?" akauliza Shangazi Yunia kutoka nyuma ya kikombe chake. "Iko wapi, Ssebiraka?"

Sindano ilisimama. Alitazama upande wa jiko, mahali sauti ile ilipozoea kutoka, akatazama kwa muda.

"Mwakani," akasema.

Safari hii bibi kizee ndiye aliyecheka, akamwaga chai kidogo juu ya gomesi yake ya msiba. Ssebiraka aliinama tena juu ya kazi. Alizungusha mshono mpaka ukakutana na mwanzo wake, akapiga fundo upande wa ndani, akalibana kwa ukucha. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kiraka, polepole, na kurudia, kama alivyozoea kupitisha kwenye makovu ya mti. Aliporidhika, aliinua kitambaa mpaka mdomoni, akakata uzi kwa meno.